Usicheke Pickup Ya Plate Ya KA: Ushuru Ndio Umefanya Vijana Waanze Kuunda Gari Kwa Ploti

Pita Githurai, Kayole, Rongai ama Kitengela Jumapili mchana. Hutakosa kuona pickup moja imesimama juu ya mawe, boneti iko wazi, na wasee wawili watatu wamejipaka oil hadi kwa viwiko. Plate inaanza na KA. Rangi imekwisha. Na kuna jirani amesimama kando na kikombe cha chai akiuliza swali lile lile: "Si uuze skrepu tu, buda?"

Hiyo swali inakaa smart lakini haina hesabu. Ukikaa chini uchukue kalamu, utagundua huyo kijana mwenye spana ndio ameelewa uchumi wa hii Kenya kuliko wengi wetu. Haundi pickup ya zamani juu anapenda vitu za zamani. Anaiunda juu kila mlango mwingine umefungwa, na wenye walifunga wanajulikana.

Tuangalie mlango mmoja mmoja.

Gari ya mtumba inakuja na pacha wake

Watu husema "agiza tu gari Japan" kama ni kuagiza chipo. Kwanza kuna sheria ya miaka 8. Chini ya kiwango cha KEBS cha KS 1515:2000, gari ya mtumba ikiingia Kenya haifai kuwa imezidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza huko ilitoka. Kwa hivyo zile gari za bei rahisi kabisa zenye umri mkubwa, sahau.

Pili, ushuru. Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha wa gari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu ya hiyo kuna excise, yenye inategemea injini. Juu ya hizo mbili kuna VAT ya asilimia 16. Alafu kuna ada ya IDF asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2.

Sasa skiza. Hizi vitu hazijumlishwi kando kando, zinapandana. Chukua gari ndogo yenye KRA imesema thamani yake ni milioni moja, iko kwa excise ya asilimia 25. Forodha ni 350,000. Excise inapigwa kwa 1,350,000, so ni 337,500. VAT inapigwa kwa 1,687,500, so ni 270,000. Ongeza IDF na reli, 45,000. Jumla ya ushuru ni 1,002,500.

Yaani umenunua gari moja, ukalipia ya pili yenye hutawahi kuiona. Hesabu ya pickup inabadilika kulingana na injini na bodi, lakini mwelekeo ni ule ule. Na KRA haiangalii risiti yako ya Japan. Inaangalia listi yake ya bei za gari mpya, inaitwa CRSP, kisha inapunguza kulingana na umri. Ukipata bei ya kutupa kwa mnada wa Yokohama, hiyo ni bahati yako na mnada. KRA haimo.

Mbona pickup hasa ni ngumu kupata

Hapa kuna story wengi hawajui. Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japan mwaka wa 2004. Ilirudi kuiuza huko 2017, na hizo za kurudi zinaundwa Thailand. Kwa hivyo kwa miaka kama 13, Wajapani wenyewe hawakuwa wananunua Hilux mpya kwao.

Weka hiyo pamoja na sheria ya miaka 8. Kwa muda mrefu, ukitaka Hilux ya mtumba yenye inakubalika Kenya, soko la Japan halikuwa nayo. Vitz zilikuwa zimejaa bandarini, Probox zimejaa, lakini pickup ilibidi utafute Thailand, Uingereza ama kwingine kwenye wanaendesha usukani wa kulia. Wengine wananunua Isuzu D-Max mpya zenye zinaunganishwa hapa Nairobi, lakini hiyo ni bei ya kampuni, kaunti na wizara. Kijana wa kuuza viazi hayuko kwa hiyo foleni.

Ndio maana pickup ya 1995 bado iko na bei. Na ndio maana mzee fulani ocha akisema anauza Hilux yake yenye imelala chini ya mti wa parachichi miaka minne, kuna vijana wanapanda mat usiku huo huo.

Hii ni biashara, si hobby

Gari ndogo inakula. Pickup inakula pia, lakini inaleta. Asubuhi na mapema inabeba sukuma na vitunguu kutoka Marikiti. Mchana inabeba mabati na simiti ya mjengo. Mwisho wa mwezi inahamisha watu keja. Msimu wa nyasi inatoa hay Kinangop. Msee mwenye iko na pickup yenye inatembea hana haja ya kutuma CV.

Lakini serikali pia inajua hivyo. Pickup inahesabiwa kama gari ya biashara, kwa hivyo kuna advance tax. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha hadi shilingi 2,500 kwa kila tani kwa mwaka ama 5,000, yenye iko juu. Lazima pia upeleke ukaguzi wa NTSA kila mwaka. Bima nayo, kampuni nyingi haziko tayari kupatia gari mzee comprehensive, so unabaki na third party. Na mafuta: VAT ilitoka asilimia 8 hadi 16 mwaka wa 2023, kisha Julai 2024 ada ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.

Kwa hivyo faida ni nyembamba. Ukikosea kwa kuunda, pickup inakuwa kaburi la pesa. Na hapo ndio wengi wanaanguka: wanaanza na kitu chenye kinaonekana badala ya kitu chenye kinaokoa.

Breki kwanza, injini pili, luku mwisho

Tuchukue ile Hilux ya miaka ya tisini yenye iko mitaani, yenye injini ya dizeli ya 3L, cc 2,779. Haina turbo, haina kompyuta. Pampu yake ni ya chuma tupu. Hii ndio sababu inaweza kuundwa kwa ploti: unahitaji spana, masikio na subira, si laptop.

Kabla ya yote, usalama wako mwenyewe. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ukiinua, weka stendi za chuma. Matofali ya mjengo yanapasuka ghafla bila kukuonya, na chini yake kuna wewe. Weka kizuizi kwa magurudumu yenye yamebaki chini. Hii kitu imemaliza mafundi wa ukweli.

Anza na breki. Fluid ya breki inavuta maji kutoka kwa hewa. Ikikaa miaka, maji inachemka ukishuka mteremko na mzigo, na pedali inaenda hadi sakafuni. Itoe yote uweke mpya. Fungua dramu za nyuma uangalie kama vile vimpira vya silinda vinavuja. Angalia bomba za breki kama zimeoza kwa kutu. Kazi hii inaweza kumalizika wikendi moja, na ndio tofauti ya wewe kufika na kutofika.

Kisha usukani na miguu. Ball joint, tie rod end, bushi, bearing za magurudumu. Inua mbele, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, kuna kitu kimeisha. Ukinunua tairi ya mtumba, soma namba nne za mwisho kwa ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na mpira umekufa.

Alafu injini. Kwa 3L, kitu ya kwanza ni timing belt. Toyota inasema ibadilishwe baada ya kilomita 100,000. Lakini kwa pickup yenye mita ilikufa enzi za Kibaki, hujui ilibadilishwa lini. Usikisie. Badilisha. Ikikatika ukiendesha, pistoni na valvu zinakutana, na hapo umenunua injini ingine.

Ya pili ni joto. Mafundi wengi wa mtaa wako na tabia moja: gari ikichemka, wanatoa themostati wanatupa. Eti hali yetu ni ya joto hatuhitaji. Hiyo ni kudanganya. Bila themostati injini inakaa baridi muda mrefu, inakula dizeli na inachakaa haraka. Na shida halisi, radieta iliyoziba ama feni imechoka, bado iko pale inakungoja kwa mlima wa Kijabe. Osha radieta, weka themostati mpya, weka kulanti badala ya maji ya mfereji yenye inakula chuma. Hedi za hizi injini zinajulikana kwa kupasuka zikichemka, so hapa hakuna utani.

Ya tatu ni dizeli safi. Chini ya filta kuna skrubu ya kutoa maji. Watu huendesha miaka mitano bila kuigusa. Moshi mweusi mwingi unaweza kuwa filta ya hewa imeziba, nozeli zimechoka ama pampu imetolewa kwa kipimo. Nozeli na pampu usizifungue kwa ploti. Peleka kwa wenye wako na mashine ya kupima. Kujua penye mkono wako unafika pia ni ufundi.

Stima pia. Betri yenye imepumzika inafaa kusoma volti 12.6 hivi. Ukiwasha injini, altaneta inafaa kupeleka kati ya 13.8 na 14.4. Mita ya kupima hizo ni bei ya lunch mbili tatu, na itakuokoa kununua betri yenye hukuhitaji.

Penye luku inakuwa hatari

Sasa gari inatembea na inasimama. Hapa ndio wasee huanza kuipiga luku, na sina shida na luku. Shida ni zile zenye zinaua.

Ya kwanza: kuinua nyuma kwa kuongeza majani ya springi. Kila mtu anafanya ndio abebe tani na nusu kwa pickup ya tani moja. Nyuma ya Hilux nyingi kuna valvu yenye imeunganishwa na ekseli kwa kafimbo. Kazi yake ni kusoma mzigo. Nyuma ikishuka, valvu inajua kuna mzigo, inapeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Ukiinua gari na hukurekebisha hiyo fimbo, valvu inadhani gari ni tupu hata ukiwa na magunia ishirini. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Umeongeza mzigo na umepunguza breki siku moja. Hakuna mtu atakuambia hii ukinunua springi.

Ya pili: zile taa nyeupe za LED zenye zinachomekwa kwa taa ya kawaida. Kioo cha taa ya zamani kiliundwa kwa balbu ya zamani. LED ikiingia hapo, mwanga unatawanyika, unapofusha mwenye anakuja, na wewe mwenyewe barabara huioni vizuri. Dawa ni ya kizamani: kioo kisafi, waya mpya na relei ndio balbu ipate volti zote. Taa itakuwa ingine kabisa.

Ya tatu: kubadilisha injini kimya kimya. Namba ya injini iko kwa logbook. Ukiweka ingine bila kujulisha NTSA, siku karao atafungua boneti, ama siku ya ajali bima ichunguze, utajieleza hadi uchoke. Na ukinunua injini bila karatasi, huwezi jua ilitoka kwa gari ya nani.

Luku yenye ina maana ni ile inaleta kazi. Turubai nzuri yenye haivuji. Fremu ya chuma ya kufunga mzigo. Kiti chenye hakitoboi mgongo. Mat ya mpira kwa bodi ya nyuma ndio mabati isikwaruze. Bodi yenye kutu ikatwe ichomelewe bati mpya, si kujazwa puti na kupakwa rangi. Puti juu ya kutu ni make-up, mvua moja tu.

Na oil chafu usimwage kwa mtaro wa ploti. Weka kwa jerikeni. Kuna watu wanaitafuta ya kupaka fito na nguzo za ua ndio mchwa usile. Ukimwaga, utakosana na landi, na kanjo atapata sababu.

Sasa serikali inataka nini?

Hapa ndio mambo inakuwa moto. Unakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Moja ya vitu zilikuwa ndani ni ushuru wa gari wa asilimia 2.5 ya thamani, usipungue shilingi 5,000 na usizidi 100,000, ulipwe ukichukua bima. Uliondolewa katikati ya Juni hata kabla mswada wote kukataliwa tarehe 26, siku moja baada ya vijana kuingia Bunge. Wenye hawana gari walidhani hiyo ilikuwa ya matajiri. Hapana. Ile 5,000 ya chini ilikuwa inangoja hadi msee wa pickup ya 1995.

Kisha kukakuja mapendekezo ya sheria za ukaguzi, zenye zinataka hata gari za kibinafsi zenye zimezidi miaka 4 tangu zitengenezwe zipelekwe kukaguliwa. Wengi walichemka. Lakini tuseme ukweli: wazo la ukaguzi si baya. Hii nchi inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Mwenye anaunda breki zake vizuri hafai kuogopa kuangaliwa.

Shida ni venye ukaguzi unafanywa. Kwa msee wa pickup, kuangaliwa kumekuwa maana yake kusimamishwa na karao mwenye haangalii breki. Anaangalia stika, anaangalia mfuko. Gari yenye ina stika na haina breki inapita. Gari yenye ina breki na stika iliisha jana inalala stesheni. Mfumo wa hivyo unafundisha watu kununua karatasi, si kununua brake pad.

Ukaguzi wenye unasaidia ungekupa listi: hii imeisha, hii iko karibu kuisha, rudi baada ya wiki mbili. Ungeangalia pia soko la spea feki, juu brake pad bandia ikiingia nchini haiingii na mwenye pickup. Inaingia kwa kontena, na kuna mtu alisaini. Lakini ni rahisi kushika mwenye amenunua kuliko mwenye ameleta.

Na hawa mafundi?

Jambo la mwisho, na hili linatugusa sisi wenye college haikuisha. Yule kijana wa Jumapili na spana anajua valvu ya mzigo ni nini. Anajua sauti ya bearing yenye inaanza kufa. Hiyo ni elimu. Lakini akienda kuomba kazi kwa karakana kubwa, anaulizwa cheti.

Kuna njia mbili zipo tayari. Moja ni mitihani ya NITA ya grade, yenye unaweza kufanya bila kupitia college. Ingine ni mfumo wa RPL, wa kutambua ujuzi wenye mtu alipata kazini, na sera yake serikali iliizindua 2024. Kwa makaratasi ni poa sana. Kwa mtaa, wengi hawajawahi kuisikia. Kama kuna pesa ya kuweka roadblock kila weekend, kuna pesa ya kupeleka mtahini Kariobangi Light Industries siku moja akae hapo na listi, apime wasee kwa gari ya ukweli.

Juu hizi pickup haziendi mahali. Ushuru ukibaki venye uko, plate za KA zitazidi kutoka chini ya miti ya parachichi, na zitaundwa. Swali ni kama zitaundwa na mtu mwenye anajua anafanya nini, na spea za ukweli, ama na puti, LED na maombi.

So ukimpata jirani yako chini ya gari Jumapili hii, usimuulize mbona haiuzi skrepu. Muulize kama ameweka stendi. Alafu muulize kama amecheki breki za nyuma. Hiyo gari kesho iko nyuma yako Thika Road ikiwa na magunia ishirini, na hapo ndio utajua kama aliunda ama alipaka rangi.